Farasi wa shemeji wananimalizia malisho

Salamu Daktari,

Mimi ni mama mjane wa Kinangop Kusini. Nina ekari saba: mbili nalima viazi, tano ni malisho ya nyasi za Kikuyu ambazo marehemu mume wangu alizitunza mpaka zikafunga ardhi kama mkeka. Ng'ombe wangu ni Frishiani wanne. Hao ndio walionisomeshea watoto.

Mwaka jana mwezi wa tano, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alitokea na lori lenye farasi watatu. Aliwapata kwa bei ya chini kwa sababu walikuwa wamestaafu mbio kule Ngong. Mpango wake ulikuwa kuwapeleka Naivasha wikendi na siku za likizo, wageni na watoto wawapande, halafu Jumapili jioni warudishwe kwangu wale. Tulikubaliana anilipe shilingi 12,000 kwa mwezi. Hatukuandikiana. Ni shemeji, ningeanzia wapi kumwambia atie sahihi?

Miezi mitatu alilipa. Wa nne akaleta nusu. Tangu hapo sijaona hata senti.

Pesa ni tatizo, lakini ukifika uyaone hayo malisho ndipo utanihurumia. Mahali pengine wamekwangua nyasi mpaka udongo unaonekana, kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe. Hatua tano kutoka hapo nyasi zimefika magotini na hawazigusi, wamepafanya choo. Ng'ombe wanazunguka siku nzima wakitafuta pa kuingizia ulimi. Maziwa yameshuka kutoka lita 58 kwa siku hadi 41, na mimi nauza lita kwa shilingi 45.

Sasa mmoja wa farasi hao, jike mwekundu ambaye wajukuu wamembatiza Malkia, ameanza kuumwa. Wiki hii anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, wiki ijayo ni wa nyuma wa kulia. Uso umevimba chini ya macho, pande zote mbili. Akitafuna, anaangusha mabonge ya nyasi zilizolowa mate. Shemeji alimleta mtu wa kukata kwato, akaziangalia zote nne, hakuona kitu.

Basi shemeji akanijia juu kwamba malisho yangu yana sumu, na kwamba gharama ya matibabu ataikata kwenye kodi ninayomdai. Kama yana sumu, mbona ng'ombe wangu wanang'aa?

Mimi nimewatunza kwa moyo wote. Shemeji huleta magunia ya pumba za ngano, kila farasi hupata ndoo asubuhi na ndoo jioni, na sikosi siku. Malkia nikimwonea huruma namkorogea na "deri mili" ya ng'ombe kidogo. Kupe nao hawana nafasi, kwa maana kijana wetu akinyunyizia ng'ombe dawa kila Alhamisi, anawapitishia na farasi.

Niambie ukweli, Daktari. Malisho yangu ni mabaya? Niwafukuze? Nikifanya hivyo nitamtazama vipi mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja?

Mama wa Malisho, Kinangop Kusini

* * *

Mama wa Malisho,

Kabla hatujafika kwa shemeji, yako mambo mawili ya kufanya leo hii, usingoje kesho.

La kwanza ni hiyo deri mili. Usimpe farasi tena hata kiganja kimoja. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini, ambayo humsaidia ng'ombe kupata nguvu zaidi kutoka kwa chakula kilekile. Kwa farasi dawa hiyo hushambulia misuli ya moyo. Ng'ombe huvumilia karibu mara kumi ya kipimo kinachomuua farasi. Inawezekana gunia lako halina, kwa maana si kila kiwanda huitia, lakini huruma yako isipimiwe kwa bahati nasibu. Huyo jike akianguka asubuhi moja, shemeji atakuwa na neno la kusema kwelikweli.

La pili ni pampu ya Alhamisi. Chukua chupa ya dawa ya kupe usome yale maandishi madogo. Ukiona amitrazi, farasi wasiguswe nayo. Matumbo yao husimama, kinyesi hukauka ndani, na farasi aliyefunga choo ni msiba wa usiku mmoja. Dawa za kupe zinazomfaa farasi zipo. Muulize daktari wa mifugo wa wadi yenu akutajie moja kwa jina, halafu farasi wawe na pampu yao peke yao, kwa sababu masalia ya jana kwenye pampu yanatosha kuleta balaa.

Tuje kwa Malkia. Umenieleza mambo matatu kwa umakini kuliko madaktari wengi wachanga: kuchechemea kunakohama mguu kwa mguu, uvimbe wa pande zote mbili za uso, na nyasi zinazodondoka mdomoni. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimefikia palepale. Nadhani mifupa ya huyo farasi inakosa kalsiamu.

Nenda ukamshike uso. Weka viganja vyote viwili chini ya macho, juu ya mstari wa meno ya juu, uvibonyeze vile vimbe polepole. Vikiwa vigumu kama mfupa na havina joto, ni hiyo ninayoisema. Uvimbe wa upande mmoja tu ungenifanya nishuku jino lililooza. Uvimbe laini unaojaza yale mashimo yaliyo juu ya macho, uliotokea kwa siku moja mbili pamoja na homa, ni jambo lingine la kutisha zaidi, nami nitalifikia.

Nyasi za Kikuyu ni nyasi za nyumbani. Zimetoka kwenye nyanda hizi zetu za juu zikasafirishwa mpaka Afrika Kusini na Australia, na wafugaji wa ng'ombe huko wanazishukuru. Lakini ndani yake kuna kitu kiitwacho oksaleti, ambacho huishika kalsiamu na kuing'ang'ania isinyonywe mwilini. Ng'ombe hana taabu nayo. Chakula chake hupita kwanza kwenye tumbo kubwa lenye vijidudu, na hivyo vijidudu huivunja oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi mpangilio wake ni kinyume. Kalsiamu hunyonywa kwenye utumbo mwembamba, na jungu la vijidudu liko nyuma, baada ya utumbo huo. Oksaleti inapokuja kuvunjwa, kalsiamu imeshapita. Ndiyo maana ng'ombe wako wanang'aa na Malkia anachechemea, wote wakila shamba moja.

Miaka ya 1970 huko Queensland, Australia, madaktari wa mifugo waliona farasi wengi wakipatwa na hali hii kwenye malisho ya nyasi za nchi za joto, baadhi yake zenye asili ya Afrika. Malisho yalikuwa mazuri ya kijani, na farasi walikuwa hoi. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula huenda kuikopa kwenye mifupa, na mahali pa mfupa mgumu panajazwa nyuzinyuzi. Mifupa ya uso huvimba, meno hulegea kwenye ufizi, na miguu huuma bila kidonda chochote cha kuonekana. Kwa hiyo mkata kwato hakukosea, alikuwa anatafuta ugonjwa mahali usipokuwa.

Halafu kuna zile pumba. Hapa ndipo nilipotaka kucheka na kulia pamoja. Pumba za ngano zina fosforasi karibu mara kumi ya kalsiamu, na fosforasi ikizidi hivyo huizuia hata ile kalsiamu chache iliyookoka kwenye oksaleti. Zamani huko Ulaya farasi wa wenye vinu vya kusaga walikuwa maarufu kwa vichwa vikubwa, kwa kuwa pumba ndizo zilizokuwa bure. Shemeji amemtia farasi katikati: malisho yanavuta kalsiamu huku, ndoo inaizuia kule, mara mbili kwa siku, bila kukosa siku.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba malisho yako si mabaya. Ni malisho ya ng'ombe. Sumu anayoisema shemeji haipo kwa maana anayoikusudia, ingawa hajakosea kwamba nyasi zimechangia. Mchango wake yeye ni pumba, na ni yeye aliyepaswa kuuliza farasi wanakula nini kabla ya kuwapandisha lori. Farasi si ng'ombe asiye na pembe.

Matibabu yapo, lakini ni ya miezi, na yaanze kwa daktari kumpima ili tusiwe tunatibu barua. Pumba zisimame. Apate nyasi kavu za Boma Rhodes, ambazo oksaleti yake ni ndogo, pamoja na lusani, ile jamii ya kunde yenye maua ya zambarau, kwa sababu ina kalsiamu nyingi. Daktari atakupimia chokaa ya kulishia mifugo (tafadhali isiwe ile ya kupaka ukuta) pamoja na unga wa madini, na kwa kuwa farasi huuchukia unga huo, utaukoroga kwa molasi. Kuchechemea kutapungua kwanza. Uvimbe wa uso huenda ukabaki, na wajukuu wasishangae Malkia akipona akiwa na sura mpya.

Katika muda huo asipandwe na mtu, hata mtoto mdogo. Mfupa uliokopwa kalsiamu huweza kuvunjika kwa mwendo wa kawaida tu, na mwenye kuanguka naye atakuwa mtoto wa mtu. Hili shemeji halitampendeza kwa sababu Agosti inakuja na wageni wake. Mwambie nimesema mimi.

Wale wawili wengine usiwasahau. Wanakula chakula kilekile. Mfupa hupoteza karibu asilimia 30 ya madini yake kabla hata picha ya eksirei haijaonyesha kitu, kwa hiyo kwamba wanatembea vizuri hakuniambii kwamba ni wazima. Nao waanze madini sasa, na farasi yeyote atakayekaa kwenye nyasi hizo aendelee nayo maisha yake yote.

Nilikuahidi habari ya ule uvimbe laini. Kuna homa ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi wadogo wanaouma jioni, usiku na alfajiri, hasa baada ya mvua. Kwenye baridi yenu ya Kinangop si tishio kubwa sana, lakini hao wako wanashuka Naivasha kila wikendi na kulala huko. Chanjo ipo, na wakati wake ni kabla ya mvua. Muulize shemeji kama walichanjwa na lini. Akianza kukuna kichwa, umeshapata jibu.

Sasa nyasi zenyewe. Farasi ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo hukata kama mkasi mpaka kwenye shina. Ng'ombe juu hana meno ya mbele. Huzungushia nyasi ulimi na kung'oa, na nyasi zikiwa fupi ulimi haushiki kitu. Juu ya hapo farasi huchagua choo chake na hali hapo. Ni akili, anawakimbia minyoo wake mwenyewe. Matokeo yake ni shamba la viraka ulilonielezea, na kila mwezi ukipita kiraka cha choo kinakua na kiraka cha kula kinazidi kuchakaa.

Jambo jema ni kwamba ng'ombe haoni shida kula penye mavi ya farasi, na minyoo ya farasi karibu yote haimpati. Gawa zile ekari tano vipande vitano au sita kwa uzi wa umeme wa sola. Usitumie seng'enge, kwa maana farasi akishtuka hukimbia kwanza na kutazama baadaye, na nimewahi kushona kifua cha farasi kwa saa mbili nikimulikiwa na tochi ya simu. Ng'ombe waingie kipande kipya kwanza, wao ndio wanaolipa karo. Farasi wafuate siku mbili au tatu, watolewe nyasi zikibaki urefu wa vidole vinne. Halafu kipande kipumzike, wiki nne wakati wa mvua, zaidi kwenye baridi ya Julai. Vile viraka virefu vikatwe kwa fyekeo sasa, mzunguko ujao ng'ombe watamaliza machipukizi. Mavi ya farasi yazolewe mara mbili kwa wiki, yarundikwe yaoze vizuri, kisha yaende kwenye viazi. Yasitawanywe mabichi malishoni, utakuwa unapanda minyoo.

Hata hivyo vipande havitaongeza ekari. Farasi wa mbio ana karibu kilo 450, na hula kama kilo 9 za nyasi kwa siku ukizihesabu zikiwa kavu. Watatu ni kilo 27. Ng'ombe wako anayekamuliwa hula kama kilo 14. Kwa hesabu hiyo shemeji amekuletea ng'ombe wawili wasiokamuliwa. Ekari tano zilikuwa za wanyama wanne, sasa zinalisha kama sita.

Tuhesabu na fedha, ili ukae naye ukiwa na karatasi badala ya hasira. Umepoteza lita 17 kwa siku. Kwa shilingi 45 ni shilingi 765, yaani 22,950 kwa mwezi. Tuwe waungwana tuseme nusu ya hasara hiyo ni kiangazi na ng'ombe waliokaribia kukauka. Bado ni 11,475. Kwa hiyo hata angekulipa ile 12,000 bila kukosa mwezi, ungekuwa umetoka sare tu, na kazi ya kijana wako na ndoo zako hazijahesabiwa. Bei ile ilikuwa ya kirafiki tangu mwanzo, na yeye ameshindwa hata na bei ya kirafiki.

Niwafukuze, unauliza. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, hawa wako wamepewa shamba zima kwa karibu mwaka. Lakini sitakuambia uwafukuze leo, kwa sababu Malkia kwa hali yake si wa kupakiwa lori. Ningekuwa mimi, ningembakiza yeye, kwenye kizizi kidogo, kwa nyasi kavu na madini ambayo shemeji ananunua mwenyewe. Wale wawili ningempa hadi mwisho wa mwezi ujao awatafutie malisho mengine au alete marobota ya Boma Rhodes ya kutosha ili wasitegemee nyasi zako. Akichagua la pili, muandikiane: idadi ya farasi, kodi na tarehe ya kutuma kwa simu, nani ananunua madini, nani anazoa mavi, nani anamlipa daktari. Deni la zamani liandikwe kwa kiasi chake, liwe peke yake, lisichanganywe na matibabu. Matibabu ni ya mwenye farasi.

Kuhusu mama mkwe, usingoje asikie kwa mwanawe kwanza. Mchukue kwa mkono mpaka malishoni, mwonyeshe pale udongo unapoonekana na pale nyasi zilipofika magotini. Mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote hahitaji kuelezwa zaidi, na nyasi hizo ni za mwanawe mwingine, aliyezipanda. Mazungumzo ya pesa yafanyike yeye akiwa amekaa hapo, chai ikiwa mezani. Sidhani shemeji atalitaja neno sumu mara ya pili mbele yake.

Kwenye ua wa kizizi hicho, kama kuna mparachichi, tafuta mahali pengine. Majani yake hayamfai farasi, na farasi mwenye njaa ya nyasi mbichi hula ua.

Daktari akishampima, niandikie alichosema. Na nitumie picha ya uso wa Malkia iliyopigwa kutoka mbele, akiwa ametazama kamera, ili nione kama pande mbili zinalingana.